MEZA YA FUNDI: Amplifaya inasema "shhh". Kabla ya kununua kitu, iulize

  Mwezi uliopita tulijifunza kusoma rangi za resista. Mwezi huu nimepokea maswali matatu na nilipoyaweka pamoja nikaona ni swali moja.

Kijana mmoja ameandika hivi: "Mwalimu, nimetengeneza amplifaya mimi mwenyewe, inaimba vizuri, lakini nyuma ya muziki kuna shhh ambayo haikomi. Niweke aisii nyingine?" Mama mmoja anauliza kwa nini redio ya mzee wake inatoa upepo mwingi kuliko maneno. Na swali la tatu limetoka darasani kwangu, kwa wanafunzi watatu waliotengeneza kisanduku cha sauti kwa ajili ya wenzao. Basi leo tutaongea juu ya shhh: ni nini, inaingilia wapi, na jinsi ya kuitafuta bila kutoa hata tambala moja.

KWA NINI SI JAMBO DOGO

Wengine watasema, shhh ni kitu gani? Si muziki unasikika? Kwenye muziki sawa, ngoma inaifunika. Lakini kile kisanduku cha darasa letu si cha muziki. Watoto ni zaidi ya mia katika chumba kimoja, na sauti ya mwalimu ikifika katikati ya chumba inakufa. Ndiyo sababu wale watatu waliamua kutengeneza kitu.

Sasa tamka maneno haya matatu polepole: suka, shuka, fuka. Tofauti iko mwanzoni tu, na zile sauti s, sh na f ni upepo unaopita kwenye meno na midomo. Ni shhh ya mtu. Shhh ya mashine ikiwa kubwa, inaimeza shhh ya mtu. Ile "-uka" inapita salama kwa kuwa ni sauti nzito, lakini mwanzo wa neno unazama. Mtoto wa mstari wa nyuma anasikia nusu, nusu nyingine anabahatisha. Kwenye imla tunakuta "Mama anashuka nywele za dada", na "Tulisuka mlima asubuhi". Mwalimu anaweka alama nyekundu, mtoto anadhani hajui Kiswahili. Kumbe anajua, hakusikia tu.

Kwa wazee ni hivyo hivyo. Masikio yakizeeka, mara nyingi huanza kupoteza zile sauti nyembamba za juu. Mzee anasikia kwamba mtu anaongea, lakini maneno hayashiki. Ukimwekea redio yenye shhh na kuongeza sauti, umemwongezea na shhh pia.

Tena kuna pesa. Kifaa kikikosekana hapa kambini, ni Lilongwe, zaidi ya kilomita 40. Mwezi Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44, na bei ya vitu vya kutoka nje ikaruka, kila mama anajua. Mwaka huo huo serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, kwa hiyo kwenda mjini si safari ya kuamka tu na kupanda minibasi. Wanafunzi wangu walikuwa wameambiwa na fundi mmoja kwamba aisii yao imekufa, watafute nyingine. Walikwisha anza kuchanga, na wengine walichanga pesa ya sabuni ya nyumbani. Nikawaambia, subirini kwanza, tuiulize mashine yenyewe.

SHHH INATOKA WAPI

Kila kitu chenye joto, chembe zake zinatikisika. Ndani ya resista na waya kuna chembe ndogo sana za umeme, elektroni, nazo hazikai kimya hata siku moja. Zinagongana huku na huku bila mpango, na mgongano huo ni umeme kidogo unaopanda na kushuka. Mwaka 1928 watu wawili huko Marekani, John B. Johnson na Harry Nyquist, walichapisha kazi yao juu ya jambo hili. Johnson aliipima kelele, Nyquist akaitolea hesabu. Wote wawili walizaliwa Uswidi wakahamia Marekani wakiwa bado vijana. Hesabu yao inatumika mpaka leo na kila anayetengeneza redio au simu.

Tuitazame kwa namba. Resista ya ohm 10,000, katika joto la kawaida la chumba, inatoa kelele ya kama mikrovolti 1.8 ukijumlisha sauti zote ambazo sikio linaweza kusikia. Mikrovolti moja ni volti moja iliyogawanywa mara milioni. Ukichukua resista kubwa mara 100, yaani ohm milioni 1, kelele haiongezeki mara 100, inaongezeka mara 10, inakuwa kama mikrovolti 18. Ni kidogo mno! Lakini amplifaya kazi yake ni kukuza, na haichagui cha kukuza. Kama kwa jumla inakuza mara 10,000, zile mikrovolti 18 zinatoka zikiwa karibu volti 0.18, na spika itazipaza chumba kizima.

Hapo tunapata mafundisho mawili. La kwanza, shhh haiishi kabisa katika amplifaya yoyote duniani. Tunachotafuta ni kuifanya iwe ndogo sana mbele ya sauti tunayoitaka. La pili, mahali inapoingilia ni muhimu kuliko ukubwa wake. Tuseme amplifaya yako ina hatua mbili, ya kwanza inakuza mara 50, ya pili mara 200. Kelele ya 1 ikiingia mlangoni kabisa, inatoka ikiwa 10,000. Ikiingia katikati ya hatua mbili, inatoka 200. Ikiingia mwishoni kwenye spika, inabaki 1. Ni kama uvumi wa bombani: neno likipotoshwa na mtu wa kwanza kwenye foleni, likifika kwa wa mwisho limekuwa habari nyingine. Kwa hiyo fundi mwenye akili anachunga mlango wa kwanza.

KWANZA, NI KELELE GANI?

Kelele zina sura tofauti, na dawa zake ni tofauti. Funga macho usikilize.

"Shhh", kama mvua nyepesi juu ya mabati. Hiyo ndiyo yetu ya leo.

"Mmmm" nzito, kama nyuki ndani ya debe. Huo ni umeme wa ukutani, ambao hapa Malawi unacheza mara 50 kwa sekunde. Tafuta waya mrefu usio na ngao, waya wa ardhi uliolegea, au ile kapasita kubwa ya pawa iliyochoka.

"Trrr-trrr-trrr". Simu iko karibu na amplifaya. Isogeze mbali, basi.

"Krrr" unapozungusha kitufe cha sauti. Ni vumbi ndani ya kitufe. Kizungushe mara nyingi mwanzo hadi mwisho, mara nyingi kinapona.

"Fiii", filimbi. Kama inabadilika jua likipanda au ukichomoa chaja, imetoka kwenye kontrola ya sola au chaja. Kama inaongezeka ukielekeza kipaza sauti kwenye spika, ni sauti inayotoka kwenye spika, inaingia tena kwenye kipaza sauti, inazunguka. Sogeza spika mbele yako, kipaza sauti kibaki nyuma yake.

MITIHANI MITANO

Kabla ya yote, ondoa umeme wa ukutani. Tumia mawe 6 ya redio yaliyopangwa mstari mmoja, yanatoa volti 9. Mitihani yote inafanywa hivyo. Mimi naongea juu ya amplifaya ya aisii LM386, ile yenye miguu minane, kwa kuwa ndiyo wengi wenu mnayo, lakini njia ni ile ile kwa nyingine.

Mtihani wa kwanza: kitufe cha sauti. Kipunguze hadi sifuri. Shhh ikibaki vile vile, kelele iko baada ya kitufe: kwenye aisii au kwenye pawa. Shhh ikiondoka, kelele iko kabla ya kitufe: kwenye kipaza sauti, kwenye simu, au kwenye transista ya kwanza. Sekunde tano tu, umekwisha kata mashine nusu kwa nusu, na nusu moja haina kosa. Mtu asiyefanya mtihani huu anabadilisha vifaa kama anayetafuta funguo gizani.

Mtihani wa pili: chanzo. Chomoa simu au kipaza sauti. Lakini angalieni, mlango ulioachwa wazi unaongeza kelele, unadanganya. Kwa hiyo ukichomoa, unganisha ile ncha ya sauti na ncha ya ardhi kwa kipande kifupi cha waya. Kimya kikija, kelele ilitoka kwenye chanzo chenyewe. Amplifaya yako ni nzima, inakwambia ukweli tu juu ya simu mbovu.

Mtihani wa tatu: pawa. Kama kwa mawe ya redio kuna utulivu na kwa chaja kuna kelele, usifungue amplifaya. Adui ni chaja.

Mtihani wa nne: kapasita ya kutembea. Chukua kapasita ya mikrofaradi 10. Upande wake wa hasi uunganishe na ardhi kwa waya wenye kibanio. Upande wa chanya uguse sehemu moja moja ya njia ya sauti, ukianzia karibu na aisii na kurudi nyuma kuelekea kipaza sauti. Utasikia "tup" kila ukigusa, usiogope. Mahali ambapo ukigusa shhh inakufa, kelele inatoka nyuma ya hapo. Mahali ambapo ukigusa shhh inaendelea, kelele inatoka mbele ya hapo. Kati ya alama hizo mbili ndipo mwizi anapolala. Usitumie waya mtupu kwenye mguu wa transista. Transista inahitaji volti yake ndogo ya kudumu ili ifanye kazi, waya mtupu utaiondoa na transista itazimika, na utapata jibu la uongo. Kapasita inazuia ile volti ya kudumu isipite, inapitisha sauti tu.

Mtihani wa tano: kidole. Acha amplifaya bila sauti yoyote dakika mbili, halafu gusa mgongo wa aisii. Ikiwa ya moto wakati haiimbi kitu, inawezekana inapiga kelele ya juu sana ambayo masikio yetu hayaisikii, na mabaki yake ndiyo yanasikika kama shhh au kukwaruza. Dawa yake iko hapa chini.

KISANDUKU CHA DARASA KILISEMA NINI

Haya, tuone ilivyokuwa kwa wale watatu. Kisanduku chao kina kipaza sauti kidogo kilichotolewa kwenye hedifoni iliyokufa, transista moja, kitufe cha sauti, LM386 na spika ya redio ya zamani. Wameunganisha kwa usafi, nawasifu mbele yenu.

Mtihani wa kwanza: kitufe hadi sifuri, shhh ikaondoka karibu yote. Palepale tukajua aisii haina hatia. Ile pesa ya kuchanga ingekwenda bure, na aisii mpya ingesema shhh ile ile!

Mtihani wa nne: tukagusa kwenye kitufe, kimya. Tukagusa mguu wa kuingilia wa transista, shhh ikapungua sana, ikabaki kidogo. Kwa hiyo nyingi ilitoka kwenye kipaza sauti, kidogo kwenye transista. Je, kipaza sauti ni kibovu? Hapana. Tukatazama jinsi kinavyotumika. Kilikuwa kimegundishwa juu ya kisanduku, kisanduku kiko mezani, na mwalimu amesimama. Kutoka mdomoni hadi kwenye kipaza sauti tulipima sentimita 80. Sauti ikifika pale ni dhaifu. Ili darasa lisikie, wale watatu waliweka ile kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na mguu wa 8 wa LM386, kama mchoro unavyoonyesha. Kapasita hiyo inaifanya aisii ikuze mara 200. Bila hiyo inakuza mara 20.

Basi tukafanya vitu viwili. Tulikitoa kipaza sauti, tukakiweka kwenye waya wenye ngao, tukakifunga kwenye kijiti ili kiwe sentimita 8 kutoka mdomoni. Sauti ikisafiri hewani inapungua kadiri ya umbali, kwa hiyo kutoka 80 hadi 8, sauti inayoingia inaongezeka kama mara 10. Halafu tukaiondoa ile kapasita, ukuzaji ukashuka kutoka 200 hadi 20, yaani mara 10. Fanyeni hesabu: juu mara 10, chini mara 10. Sauti ya mwalimu kwenye spika ni ile ile. Lakini shhh ya kipaza sauti na ya transista haikuongezeka hata kidogo mwanzoni, imepungua tu mwishoni. Imebaki sehemu moja ya kumi. Gharama: kijiti kimoja, na kipande cha waya uliotoka kwenye mashine iliyokufa. Na tumebaki na kapasita moja mkononi.

Hiyo ndiyo kanuni ninayotaka kila mtu aibebe mwezi huu: ongeza sauti mwanzoni, punguza ukuzaji mwishoni. Mkienda kwenye Tumaini Festival, tamasha letu la hapa Dzaleka lililoanza mwaka 2014, watazameni waimbaji. Kipaza sauti kiko karibu kugusa midomo. Si maringo, ni hesabu hii hii.

Jambo moja la kuangalia: karibu namna hiyo, herufi p na b zinapiga "bup". Weka kipaza sauti pembeni kidogo ya mdomo, si mbele kabisa, na ukifunike kwa kipande cha sponji.

DAWA KWA KILA UGONJWA

Kama unapigia muziki wa simu: weka sauti ya simu juu, karibu na mwisho lakini si mwisho kabisa maana nyingine zinakwaruza pale. Halafu kitufe cha amplifaya kiwe chini. Wengi wanafanya kinyume, simu chini kuokoa betri na amplifaya hadi mwisho, halafu wanalalamika. Na kwa simu ukuzaji wa mara 20 unatosha, hauhitaji 200.

Kama kelele iko kwenye transista ya kwanza: tazama resista zilizo karibu nayo. Zile za zamani za kaboni, hasa zilizoungua kidogo, zina kelele zaidi ya ile ya joto. Weka zile zenye ngozi ya chuma, nyingi zina mwili wa buluu na mistari mitano. Huhitaji kubadilisha zote, za hatua ya kwanza tu. Na usiweke resista kubwa mlangoni kama ndogo inafaa.

Kama kelele inapitia njia ya kulishia kipaza sauti: kile kipaza sauti kidogo kinakula volti kupitia resista. Usiiunganishe moja kwa moja na pawa. Weka kwanza resista ya ohm 1,000, halafu kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda ardhi, ndipo ile resista yake ifuate. Uchafu wa pawa unabaki nje.

Kama kelele iko kwenye aisii: weka kapasita ya mikrofaradi 10 kutoka mguu wa 7 kwenda ardhi, wengi wanausahau mguu huu. Weka kapasita iliyoandikwa 104 kati ya mguu wa 6 na mguu wa 4, karibu kabisa na aisii, si mwisho wa waya mrefu. Kama aisii inapata moto bila kuimba, kutoka mguu wa 5 weka resista ya ohm 10, ifuatwe na kapasita iliyoandikwa 473, hadi ardhi. Mara nyingi joto linaondoka na kelele pia.

Kama umefanya yote na bado kuna shhh kidogo: unaweza kukata sauti nyembamba za juu. Kabla ya kitufe weka resista ya ohm 10,000 kwenye njia ya sauti, na baada ya resista weka kapasita iliyoandikwa 222 kwenda ardhi. Inaanza kupunguza kwenye mitetemo kama 7,000 kwa sekunde. Lakini usiongeze kapasita kwa tamaa ya kupata kimya! Ukishuka sana, unakata na zile s, sh na f tunazozitafuta. Simu za kawaida zilipangwa kupitisha mitetemo hadi kama 3,400 tu kwa sekunde, ndiyo maana ukitaja jina lako kwenye simu unalazimika kusema "S ya Sara, F ya Furaha". Tusiwapeleke watoto kwenye imla ya simu.

Na yule mama wa redio ya mzee: mama, jaribu kwanza kurefusha antena na kuhamisha redio karibu na dirisha. Redio isiyoshika stesheni vizuri inasema shhh hata ikiwa nzima. Halafu usiongeze sauti, sogeza redio karibu na sikio la mzee. Ni hesabu ya darasani ile ile, na haina gharama.

KWA WAZAZI

Najua nyumba nyingi kuna mtoto anayefungua kila kitu, na mama anapiga kelele. Haki yake kupiga kelele, kama kilichofunguliwa ndiyo redio pekee ya nyumbani. Lakini kumbukeni William Kamkwamba wa Wimbe, wilaya ya Kasungu, jirani zetu hapa. Aliacha sekondari kwa kukosa karo wakati wa njaa ya miaka ya 2001 na 2002. Kabla ya hapo alikuwa akifungua redio na kuzitengeneza pamoja na ndugu yake. Halafu akasoma vitabu vya maktaba ya shule ya msingi, na mwaka 2002 akasimamisha kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao, chenye dainamo ya baiskeli. Mpeni mtoto redio iliyokufa, si ile inayoimba.

Na muwawekee sheria hizi. Hakuna kufungua kitu kilichochomekwa ukutani, wala televisheni hata kama imechomolewa, maana ndani kuna kapasita zinazoweza kushika umeme muda mrefu. Betri ya simu iliyovimba haitobolewi, haipigwi na haitupwi motoni. Kulehemu kufanyike mahali penye hewa, mbali na watoto wanaotambaa, kwa kuwa lehemu nyingi ina risasi na moshi wake si mzuri. Baada ya kazi, mikono inaoshwa kabla ya kugusa ugali.

KAZI YA MWEZI HUU

Kila mwenye amplifaya afanye mtihani wa kwanza tu, ule wa kitufe. Aandike kwenye karatasi: "Shhh imebaki" au "Shhh imeondoka", na chanzo chake ni nini, simu, redio au kipaza sauti. Hakuna kubadilisha kitu chochote mpaka karatasi iandikwe. Nileteeni karatasi shuleni mchana baada ya masomo, pamoja na mashine zenyewe, tutafanya mtihani wa nne pamoja, kapasita moja ya kutembea inatutosha wote. Wasichana pia waje, kati ya wale watatu wa kisanduku wawili ni wasichana, na mmoja wao analehemu vizuri kuliko kaka zake wote.

Mwezi ujao tutajifunza kusoma namba za kapasita, ili mjue 104, 473 na 222 zina maana gani, na jinsi ya kuzitafuta ndani ya redio zilizokufa kabla ya kufikiria nauli ya Lilongwe. Wekeni bodi za zamani, msitupe.